Rangi Ije Mwisho: Kupendezesha Nyumba kwa Nje Dar es Salaam

Mwenye nyumba akitaka kwake kupendeze kwa nje, safari yake ya kwanza huwa ni dukani kuuliza bei ya ndoo ya rangi. Ndiyo maana mitaa ya Dar imejaa nyumba zilizopakwa juzijuzi tu na tayari zinabanduka kuanzia chini, usawa wa goti, huku chini ya kila dirisha kukiwa na michirizi ya kutu. Rangi inalaumiwa, fundi analaumiwa, duka linalaumiwa. Mara nyingi kosa halikuwa la rangi. Ukuta ulikuwa na maji ndani, na rangi ikapigwa juu ya maji.

Kwa nyumba ya pwani, adui ni maji ya namna tatu: yanayoshuka kutoka batini, yanayopanda kutoka ardhini, na yale yaliyomo hewani yakiwa na chumvi. Kazi yote ya nje ipangwe kwa kufuata njia za maji hayo. Unaanza juu kwenye paa na gata, yaani mfereji unaokinga maji ya bati, unashuka kwenye msingi, unakuja kwenye nyufa na plasta, halafu vyuma, halafu pevingi, zile bloki za kutandaza uwanjani. Mkono wa mwisho wa rangi unapigwa mashine ya kushindilia ikishaondoka uwanjani, maana vumbi na matope yake hayachagui ukuta mpya wala wa zamani.

Majira nayo yana neno. Kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo nafasi nzuri kuliko zote: mvua chache, jua halichomi sana, plasta inakauka taratibu bila kupasuka. Januari na Februari panafaa pia, ila jua ni kali na plasta mpya inataka kumwagiliwa maji mara kwa mara. Anayeanza kubomoa plasta mwanzoni mwa Machi, masika yatamkuta na ukuta uchi.

Juu kabisa angalia fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Ubao ulioliwa na mchwa au uliooza pembeni huushusha uso wa nyumba yote hata kama kuta ni safi. Usipake rangi juu ya ubao laini. Uchome kwa bisibisi, ikizama kirahisi ubao huo ung'olewe. Mbao mpya ziwe zimewekwa dawa, na zipakwe pande zote, ikiwemo upande wa nyuma na zile ncha zilizokatwa, kabla ya kupanda juu. Ncha ndizo zinazonywa maji, na baada ya kugongelewa hazifikiki tena. Ukiwa hukohuko, ziba matundu ya chini ya paa kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, vinginevyo popo watakuchafulia ukuta mpya ndani ya wiki.

Gata watu huiona ni anasa. Hebu tupige hesabu. Nyumba ya mita 12 kwa 10, ukijumlisha bati linalotokeza nje sentimita 60 kila upande, ina paa linalofunika karibu mita za mraba 150. Mvua ya milimita 50, ambayo masika si ajabu kunyesha siku moja, inashusha hapo lita 7,500. Bila gata, maji hayo yanapiga udongo mita moja kutoka ukutani, yanaruka na tope, na kuchora ule mstari mwekundu unaouona kwenye nyumba nyingi za Goba na Kimara. Hakuna rangi inayouzuia. Gata ipewe mteremko wa milimita 5 kwa kila mita kuelekea bomba la kushushia, vishikizo visipishane zaidi ya sentimita 60 hadi 90, na bomba la kushushia liwe la inchi 4. Gata iliyofungwa kwa macho tu, bila kamba na pima maji, hutuama maji katikati, ikazaa mbu na kulemea vishikizo vyake. Kama unavuna maji, kumbuka kwamba tanki la lita 2,000 litajaa kabla mvua haijakata. Bomba la kumwagia ziada lielekezwe mtaroni, lisiachwe likimwaga kwenye msingi.

Sasa msingi, na hapa tukae, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea.

Ukuta unaotoka unga mweupe chini unapandisha chumvi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali, yanafika usoni, yanakauka, na chumvi yaliyoibeba inabaki ikisukuma rangi na plasta kutoka ndani. Sababu huwa moja kati ya nne, au zote kwa pamoja: nyumba haikuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, udongo wa nje umepandishwa hadi kupita usawa wa jamvi, yaani zege la sakafu, mchanga uliojengea ulikuwa na chumvi, au maji ya kuchanganyia yalikuwa ya kisima cha chumvi, jambo la kawaida sana kwenye maeneo yaliyo karibu na bahari. Hii ya pili ndiyo rahisi kutibu na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mtu anajaza kifusi uani ili maji yasituame, anajaza tena anapoweka maua, mwisho wake udongo umefika kwenye matofali yaliyo juu ya jamvi. Punguza huo udongo mpaka ubaki angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, uache ukuta upumue, ndipo uendelee na mengine.

Ule unga mweupe usiuoshe kwa maji. Maji yanauyeyusha na kuurudisha ndani, wiki mbili baadaye unatoka tena. Upigwe mswaki mkavu wa waya, ukusanywe, utupwe mbali na ukuta. Plasta iliyokufa ibanduliwe yote hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Utaijua kwa kuigonga kwa mpini wa nyundo: palipokufa pana mlio wa utupu. Ukuta uachwe wazi ukauke, na usiuharakishe. Wiki tatu hadi sita za kiangazi si nyingi. Plasta ya kurudishia iwekewe dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mafundi wengi hukadiria kwa kiganja, na dawa ikizidi plasta inakuwa dhaifu badala ya imara.

Halafu izungushie nyumba jamvi la nje, ule ukanda wa zege unaokimbiza maji mbali na msingi. Upana wa sentimita 75 unatosha, unene sentimita 7.5, mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwenda nje. Kwa nyumba yetu ya mita 12 kwa 10 ni karibu mita za ujazo 2.6 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ni mifuko 17 hivi ya saruji ya kilo 50. Weka mkato kila mita 2 kwa ubao mwembamba au kwa kukata na mashine. Zege lazima lipasuke. Ukilipa mahali pa kupasukia litapasuka kwa mstari ulionyooka, ukilinyima litajichagulia. Kati ya jamvi hilo na ukuta acha nafasi ya sentimita 1 na uijaze silikoni au lami.

Tuje kwenye nyufa. Ufa mwembamba kama unywele uliosambaa ovyo ni wa plasta iliyokauka haraka, huo unazibwa na kusahaulika. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, ni habari nyingine. Weka alama kwa kalamu pande zote mbili, andika tarehe na upana wake, subiri hadi mvua zipite. Ukizidi milimita 3 au ukiendelea kufunguka, mwite mhandisi kabla ya fundi rangi. Utasikia fundi akisema, "Bosi, hapa tunaziba tu, haitaonekana." Kweli haitaonekana, mpaka masika. Ufa uliotulia unachongwa umbo la V kwa kina cha sentimita 1 hadi 2, unapigwa brashi kutoa vumbi, unaloweshwa, kisha unajazwa udongo wa saruji wa 1:3. Kuupaka puti juu juu bila kuuchonga ni kazi ya kurudia.

Plasta ya nje iwe 1:4. Mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35, kwa hiyo unakwenda na ndoo 7 za lita 20 za mchanga. Hesabu hiyo msimamie fundi mwenyewe, kwa sababu koleo la mchanga la kujaza halina kipimo na asubuhi hujaa kuliko jioni. Unene wa milimita 15 unatosha. Mfuko mmoja utakupa mita za mraba 7 hadi 8, ukihesabu na kinachodondoka. Saruji ya daraja la nguvu la 32.5 inafaa kwa plasta, ya 42.5 iache kwa nguzo na zege. Mchanganyiko uliolowa utumike ndani ya saa moja na nusu. Kuuongezea maji ukishaanza kushika ili ulainike tena ni kuua saruji uliyoinunua.

Mchanga nao upimwe kabla gari halijamwaga. Chukua chupa ya maji ya plastiki, jaza mchanga sentimita 10, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache saa chache. Tope litatua juu ya mchanga. Likizidi milimita 8, mchanga ni mchafu, plasta itapasuka. Onja na hayo maji kidogo kwa ncha ya ulimi: yakiwa na chumvi, gari liondoke na mzigo wake. Na usikubali kununua kwa "tripu". Tripu si kipimo. Panda garini na futi, pima urefu, upana na kimo cha mchanga ulivyolala, zidisha, lipa kwa mita za ujazo.

Plasta mpya inamwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha inaachwa. Kabla ya siku 28 usiipige rangi, hasa ya mafuta, maana saruji changa ina ukali unaoyeyusha mafuta ya rangi na kuyageuza kitu chenye utelezi kama sabuni. Ndiyo zile kuta zenye mabaka ya kunata na rangi iliyogeuka njano. Mwenye haraka ya sherehe apake chokaa kwa muda tu, akijua kwamba chokaa yote itakwanguliwa baadaye. Rangi ya maji haishiki juu ya chokaa.

Tumefika kwenye rangi. Ukuta wa zamani kwanza uangaliwe kwa kiganja: pitisha mkono, ukitoka na unga ujue rangi ya chini imekufa na inataka praima, yaani rangi ya kwanza ya kuushika. Kisha bandika selotepu pana, ikandamize, ivute ghafla. Ikija na vipande, kwangua hadi ufike palipo imara. Uchafu mweusi au wa kijani, ambao hujaa zaidi upande unaopigwa na mvua za kusi na kwenye kuta za kivulini, ni kuvu, na kuvu haizikwi chini ya rangi, inaota juu yake. Changanya sehemu moja ya jiki na tatu za maji safi, paka, acha dakika 15 hadi 20, sugua, suuza kwa maji mengi, acha ukauke. Vaa glavu na miwani, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Ikikutana na asidi ya chooni au dawa yenye amonia inatoa gesi ya sumu. Nyumba kongwe yenye rangi ya miaka mingi usiisugue kwa msasa mkavu watoto wakiwa uani, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Lowesha kwanza.

Vipimo. Kuta za nyumba yetu zina mzunguko wa mita 44, kimo cha mita 3, jumla mita za mraba 132. Toa milango na madirisha 20, zinabaki 112. Mikono miwili ni 224. Kopo litakuambia lita moja inakwenda mita 10 hadi 12, lakini hiyo ni kwa ukuta laini wa ndani. Plasta ya nje ihesabie 8. Unahitaji lita 28: ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita 4. Ukiambiwa ununue ndoo tatu, omba uonyeshwe hesabu. Ukiambiwa ndoo moja inatosha, hapo kuwa macho zaidi, maana ndoo moja "inayotosha" ni ile itakayoongezwa maji. Rangi ya maji huongezwa maji kidogo kwenye mkono wa kwanza, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Iliyozidishwa maji hupendeza siku ya kukabidhi kazi, kisha jua linaipiga na ndani ya mwaka kila anayeegemea ukuta anaondoka na mgongo mweupe.

Rangi iwe ya nje kweli, siyo ya ndani iliyopunguzwa bei. Kama imechanganywa kwa mashine, nunua yote siku moja, kisha mimina makopo yote kwenye pipa moja na ukoroge kabla ya kuanza. Makopo mawili ya namba ileile hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi katikati ya ukuta mrefu wa mbele. Fundi aanze umande ukishakauka, kama saa 3 asubuhi, aache mapema kabla jua halijapoa, maana unyevu wa jioni ya Dar huipiga rangi mbichi ikabaki na mabaka. Na apake akifuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki. Ukuta unaochomwa na jua unainyonya rangi kabla haijatandazwa, na hapo ndipo panapotokea alama za rola.

Kuhusu aina za rangi, kila mtu na jicho lake, ila jua la hapa lina upendeleo. Nyekundu ya kung'aa na njano ya kuwaka hupauka mapema. Zilizotokana na udongo na kutu, yaani hudhurungi, maziwa ya krimu, kijivu na rangi ya mchanga, hudumu. Nyeupe tupu kando ya barabara ya vumbi ni kujitafutia kazi ya kuosha kila mwezi. Kwa kuta zinazofuatana na udongo, paka ukanda wa chini wa sentimita 40 hadi 60 kwa rangi nzito zaidi, upate kuficha matone ya tope. Usichague kwa kadi ya dukani. Nunua kopo dogo, paka mraba wa mita moja mbele na mwingine ubavuni, utazame saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Kijivu kinachopendeza dukani mara nyingi hugeuka bluu kwenye ukuta.

Michirizi ya chini ya madirisha ina tiba ndogo ambayo wengi hawaijui. Maji ya mvua yanafika kwenye kingo ya zege chini ya dirisha, yanazunguka na kushikilia upande wa chini, kisha yanatiririka ukutani na uchafu wote. Kata mfereji mwembamba kwa grainda chini ya kingo hiyo, upana na kina cha milimita 10, karibu na ukingo wa nje. Tone likifika hapo linashindwa kuvuka, linadondoka. Kingo yenyewe itokeze angalau sentimita 4 nje ya ukuta na iwe na mteremko.

Geti na grili ndizo zinazoonekana kwanza kutoka barabarani, na Kigamboni, Msasani au Kunduchi ndizo zinazokufa kwanza. Chuma kilichokaa jirani na bahari kioshwe kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi kabla ya kazi yoyote, kwa sababu chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuinua malengelenge. Kikikauka, piga mswaki wa waya na grainda hadi ule ung'aro wa chuma uonekane, ondoa vile vishanga vya kuchomelea, na siku hiyohiyo piga redoksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu. Chuma kilichoachwa uchi usiku mmoja pwani asubuhi kina kutu mpya. Mikono miwili ya redoksaidi, miwili ya rangi ya mafuta. Karibu kabisa na maji, lipia praima yenye zinki, gharama yake inarudi.

Geti jipya la gari liwe na upana wa mita 3.6 hadi 4. Waambie watoboe tundu la milimita 8 chini ya kila paipu iliyofungwa, maji ya ndani yapate pa kutokea, kwa maana geti huoza kutoka ndani kwenda nje, kuanzia chini. Liachwe sentimita 5 juu ya usawa wa pevingi iliyokamilika. Ukisahau hilo, siku pevingi inapowekwa geti halifunguki, na fundi wa kuchomelea anaitwa kulikata. Madirisha ya aluminiamu yafungwe kwa skrubu zisizoshika kutu, za kawaida zikikutana na aluminiamu na hewa ya chumvi zinaoza haraka. Bati jeupe jipya nalo usilipige rangi ya mafuta ya kawaida moja kwa moja, zinki inaikataa. Tumia praima yake.

Pevingi. Kwa uwanja wa kuegesha gari ndogo, bloki ya milimita 60 inatosha; malori ya maji yakiingia, nenda 80. Gonga bloki mbili: zikilia kama kigae zimeiva, zikitoa mlio mfu bado. Kwaruza kwa msumari. Zikimenyeka, hazikupata saruji au hazikumwagiliwa. Zile za mstatili za sentimita 20 kwa 10 zinakwenda 50 kwa mita ya mraba. Uwanja wa mita za mraba 40 unataka 2,000, ongeza 100 za kukata.

Thamani ya kazi hii iko chini ya bloki. Chimba sentimita 25, toa udongo mweusi na mizizi yote. Rudisha kifusi chekundu kwa tabaka mbili, kila moja ikimwagiliwa kidogo na kushindiliwa kwa mashine peke yake, hadi unene wa sentimita 15. Kwa uwanja huo agiza mita za ujazo 8, maana kifusi kinashuka kikishindiliwa. Juu yake mchanga sentimita 4, usiokanyagwa, unaosawazishwa kwa ubao. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita, kutoka nyumbani kwenda nje. Pembeni zote ziwe na kabstoni, yaani mawe ya zege ya ukingo, zilizosimamishwa kwenye zege kabla ya bloki. Uwanja usio na kabstoni hutawanyika kidogo kidogo, viungo vinafunguka, majani yanaota. Mwisho ni mchanga laini mkavu unaofagiliwa kwenye viungo, halafu mashine inapita juu, unafagiliwa tena. Wapo wanaomwaga saruji kwenye viungo wakidhani ni uimara. Saruji hiyo inapasuka, na siku bomba likivuja huwezi kung'oa bloki bila kuivunja.

Mashimo mawili yanayofanana mbele ya geti, usawa wa matairi, yanatokana na kifusi kilichoshindiliwa mara moja tu badala ya tabaka kwa tabaka. Ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na tiba yake ni kung'oa na kuanza upya.

Kabla ya kutandaza, inua mifuniko ya chemba ifike usawa mpya wa uwanja. Nyumba nyingi mjini chemba zimezikwa chini ya pevingi, na choo kikiziba watu wanagonga sakafu wakitafuta. Mita ya maji ya DAWASA iachiwe kisanduku chake, ile ya umeme ya LUKU isizungushiwe mawe ya mapambo wala kupakwa, na kibao cha anwani ya makazi kibaki kinaonekana. Mbele ya geti usijaze mtaro wa barabara kwa udongo. Weka kalvati la kutosha, la sivyo maji ya mtaa mzima yatahamia kwako au kwa jirani. Usitoe ngazi wala vitanda vya maua kwenye hifadhi ya barabara. Waulize serikali ya mtaa kama TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wana mpango wa lami hapo, kwa sababu lami mara nyingi huinua barabara, na uwanja uliopangwa kwa usawa wa zamani unageuka bwawa. Kama kazi inahusu ukuta mpya wa uzio au kubadili umbo la baraza, pita manispaa kwa kibali kwanza.

Mawe ya kubandika yanapendeza kwenye nguzo za baraza na ukanda wa chini, yakizidi nyumba inaonekana nzito. Yasibandikwe juu ya rangi. Chonga ukuta, lowesha, tumia gundi ya nje, anza chini kwenda juu, na ziba ukingo wa juu vizuri, maana maji yakiingia nyuma yanashuka na mawe.

Taa za nje hazihitaji maneno mengi: zenye alama ya IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, mwanga wa manjano hafifu unaovutia wadudu kidogo kuliko mweupe, waya ndani ya paipu. Ziba silikoni juu na pembeni mwa kava, chini paachwe wazi ili unyevu utoke.

Mimea iwe ya mwisho kabisa. Ashoki hupandwa mstari kwa uzio na haileti taabu kubwa. Mkrismasi na mfikusi zikae mbali na kuta, shimo la maji taka na mabomba, mita 5 hazitoshi. Bogenvilia inastahimili chumvi na ukame, ila ikipewa maji mengi inatoa majani bila maua. Nyasi za Pemba zinavumilia kivuli na upepo wa bahari kuliko ukoka, ambao unataka jua la kutwa. Pandikiza kwa nafasi ya sentimita 15 mvua za masika zikianza, juu ya sentimita 10 za udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na usawa wa udongo huo ubaki chini ya kabstoni kwa sentimita 3. Ukiwa juu, kila mvua itausomba hadi kwenye pevingi.